Mapigo 84 usiku kucha: mdogo wangu alitoka thieta anaongea, alfajiri tukamkuta amekufa wodini. Nani anajibu?

#1 Ngosha wa Sengerema

Wakuu habari zenu. Naandika huku nimefungua picha niliyoipiga kwa simu. Ni karatasi ya vipimo iliyokuwa kwenye faili la mdogo wangu wa kike.

Alikuwa na miaka 31. Alilazwa hospitali moja huku Kanda ya Ziwa, jina sitalitaja, ili atolewe uvimbe kwenye kizazi. Alikuwa nao miaka minne, kila mwezi damu zinamtoka mpaka anashika ukuta akitembea. Alhamisi saa saba mchana aliingia thieta, saa tisa na nusu akatoka. Daktari alitufuata mwenyewe, akasema kazi imeenda vizuri, wametoa uvimbe sita na kizazi kimebaki. Jioni nikamwona. Aliongea. Aliuliza kama mwanaye amekula.

Saa moja usiku tukatolewa, muda wa kuona wagonjwa umeisha. Tunaondoka akamwambia mama bega la kulia linamuuma na ana kiu kali. Mama akamfuata sista. Sista akasema ni kawaida, nusu kaputi ikiisha ndivyo inavyokuwa.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mama aliingia na beseni la kumwogesha. Akamkuta wa baridi. Taya lilikuwa limeshakaza, mama alishindwa kumfunga mdomo.

Sasa karatasi. Saa mbili usiku: presha 110/70, mapigo 84, joto 36.5. Saa nne: 110/70, 84, 36.5. Saa sita, hivyo hivyo. Saa nane, hivyo hivyo. Saa kumi alfajiri: 110/70, 84, 36.5. Mwandiko mmoja, wino mmoja. Mama wa kitanda cha pili anasema sista alikuja saa tatu usiku kuchoma sindano ya maumivu, basi. Hakurudi mtu. Na anasema mdogo wangu aliita.

Naomba mnisaidie kufikiri. Huu ni uzembe, ni hali ya hospitali zetu, au ni kitu ambacho kingetokea hata angelala mikononi mwa daktari? Aliyepasua anasema mgonjwa alitoka kwake mzima. Wodi wanasema walipima. Kila mmoja amenawa mikono, na sisi tumeshazika.

#2 Binti Ruvuma

Pole sana kaka. Mungu ampumzishe. Hilo swali la mwanaye amekula limenimaliza.

#3 Chumvi Nyingi

Pole mkuu. Huo ni uuaji, tusizungukezunguke. Nenda polisi kesho asubuhi, taja majina, wakamatwe. Nchi hii ndugu zetu wanakufa halafu tunaambiwa "ni mapenzi ya Mungu". Mungu hajaandika 84 mara tano.

#4 Mkwaju

Chumvi Nyingi, punguza moto kidogo. Hatujui alikufa kwa nini. Mleta mada, uchunguzi wa maiti ulifanyika?

#5 Ngosha wa Sengerema

Mkwaju, haukufanyika. Walituuliza. Baba akasema mwanangu amekatwa mara moja inatosha. Siku ile nilikubaliana naye. Leo sijui.

#6 Daktari wa Zamu

Pole sana kaka. Mimi ni daktari wa wilaya, napasua pia, kwa hiyo nisomeni mkijua naongea nikiwa upande gani.

Yapo mambo matatu yanayoweza kumuua mtu usiku ule ule baada ya upasuaji wa aina hii.

La kwanza ni damu kuvujia ndani. Kizazi kina mishipa mingi, fundo likilegea damu inajaa tumboni na nje hauoni hata tone kwenye bandeji. Ikifika juu chini ya kiwambo cha mapafu, mgonjwa anasikia maumivu begani. Kiu na kuhangaika kitandani vinaendana na hilo. Lakini bega peke yake si ushahidi, hata hewa iliyobaki tumboni inaweza kuliumiza.

La pili ni dawa ya maumivu. Sindano kali kama pethidini au mofini inapunguza kasi ya kupumua. Kwa mtu mdhaifu, wodi ikiwa na giza na hakuna anayehesabu pumzi zake, anaweza kulala asiamke, na wenzake wakadhani amepata usingizi.

La tatu ni bonge la damu linaloganda mguuni likasafiri hadi mapafuni. Hili mara nyingi huja siku zinazofuata, ila usiku wa kwanza linaweza kuja pia.

Kama ni la kwanza, hiyo karatasi haiwezi kuwa ya kweli. Mtu anayevuja, mapigo ndiyo yanapanda mapema: 100, 120, 140. Presha ya kijana inajikaza mpaka amepoteza kama theluthi ya damu yake, ndipo inaporomoka ghafla. Mapigo 84 tangu saa mbili mpaka saa kumi kwa mtu anayevuja? Hapana. Na hilo la taya: hukaza ndani ya saa mbili hadi nne hivi baada ya kufa. Hesabu mwenyewe kurudi nyuma kutoka saa kumi na moja na nusu.

Swali: kiwango cha damu yake kilikuwa ngapi kabla ya kuingia thieta, na kulikuwa na chupa zimeandaliwa?

#7 Ngosha wa Sengerema

Daktari, asante. Waliniambia ilikuwa 8.9. Wakaomba tuchangie. Nilitoa chupa moja, mjomba akatoa moja. Tulipokwenda kuchukua mwili nikauliza, nikaambiwa zote mbili zipo kwenye friji, hazikutumika.

#8 Binti Ruvuma

Yesu wangu.

#9 Kisima Kirefu

Kwa 8.9, damu ya chini hivyo, mimi ningeuliza kwanza kwa nini hakuongezwa damu kabla. Upasuaji wenyewe haukuwa wa dharura, uvimbe una miaka minne, ungesubiri wiki mbili anywe dawa za kuongeza damu. Kwangu kosa lilianza kabla ya kisu. Mnamkimbilia nesi kwa sababu ndiye aliyeonekana.

#10 Daktari wa Zamu

Kisima Kirefu, kuna ukweli hapo, lakini kumbuka mgonjwa wa namna hii kila mwezi anavuja tena. Ukimsubirisha ipande, hedhi inaishusha. Wapasuaji wengi wangeendelea kwa 8.9 mradi chupa zipo tayari. Kwake zilikuwepo. Asiyekuwepo ni mtu wa kuona kwamba zinahitajika.

#11 Msukuma Toroli

Nimefanya kazi ya kusukuma vitanda kutoka thieta kwenda wodini miaka kadhaa. Niseme nilichokiona, bila kutaja mahali.

Mgonjwa anatakiwa akae chumba cha kuzindukia mpaka awe amezinduka sawasawa. Foleni ikiwa ndefu anatolewa mapema kwa sababu kitanda kinahitajika. Ukifika wodini nesi wa zamu anasaini tu, mara nyingi hata hakuna mtu wa kumweleza huyu amepasuliwa nini na aangaliwe nini. Nimewahi kuulizwa mimi, msukuma kitanda: "Huyu kafanyiwa nini?" Nasoma kwenye faili namwambia. Makabidhiano yenyewe ndiyo hayo.

#12 Mswahili wa Likoni

Poleni ndugu zetu. Huku kwetu Kenya mambo ni yale yale. Mwaka 2018 pale Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walimpasua kichwa mtu asiyekuwa mwenyewe. Wagonjwa wawili, mmoja ana damu iliyoganda kwenye ubongo, mwengine ana uvimbe tu usiohitaji kisu. Vitambulisho vikachanganywa. Walikuja kujua wako ndani ya fuvu, wanatafuta damu iliyoganda hawaioni.

Na mwajua nini kilifuata? Walisimamishwa wanne: daktari wa upasuaji, nesi wa wodi, nesi wa kupokea wagonjwa thieta, na mtoa dawa ya usingizi. Mkurugenzi akapelekwa likizo ya lazima. Wodi zilizojaa mpaka wagonjwa wakalazwa wawili kitanda kimoja hazikusimamishwa.

#13 Chumvi Nyingi

Mswahili, hata sisi tulikuwa nalo letu, na tuliwatangulia. Muhimbili 2007, mtu wa mguu wa kushoto akakatwa wa kulia.

#14 Mkwaju

Chumvi Nyingi, usichanganye. Ilikuwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Novemba 2007. Wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja. Wa goti alifanyiwa upasuaji wa kichwa, wa kichwa akafanyiwa wa goti. Mmoja wao alifariki baadaye. Hakuna mguu uliokatwa.

#15 Chumvi Nyingi

Sawa mwalimu, nimekosoleka. Ila hoja iko pale pale.

#16 Kisima Kirefu

Haiko pale pale. Hayo ni makosa ya thieta, yanaingia magazetini kwa sababu yanashangaza. La mleta mada halishangazi mtu yeyote aliyewahi kulaza ndugu. Ndiyo maana halina gazeti.

#17 Wakili wa Mtaa

Pole mleta mada. Nitasema ya sheria kwa kifupi, maana Chumvi Nyingi amekutuma polisi.

Polisi inawezekana. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, inataja hata anayetoa tiba au kufanya upasuaji kwa uzembe unaohatarisha maisha. Lakini jinai inataka ushahidi mzito na mkononi mna picha moja ya simu. Njia nyingine mbili zipo, na hazizuiani. Moja ni malalamiko kwenye mabaraza ya taaluma: daktari anashtakiwa Baraza la Madaktari Tanganyika, nesi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Haya yanaweza kumwonya mtu, kumsimamisha au kumfutia usajili. Fidia hayana.

Ya pili ni kesi ya madai. Hapo lazima uthibitishe mambo manne: walikuwa na wajibu wa kumwangalia, hawakuutimiza, kutotimiza huko ndiko kulikomuua, na mmepata hasara. La tatu ndilo linalozika kesi nyingi za aina hii. Wakili wa hospitali atasimama aulize swali moja: alikufa kwa nini? Bila uchunguzi wa maiti, Daktari wa Zamu hapo juu ameshataja sababu tatu, na katika mojawapo atasema hata angepimwa kila dakika angekufa.

#18 Fundi Saa

Nilisikia muda wa kushtaki ni miaka sita.

#19 Wakili wa Mtaa

Fundi Saa, sita ni kwa mikataba. Madhara ya namna hii kwa Tanzania Bara ni miaka mitatu. Na kama hospitali ni ya serikali, kwanza mnatoa notisi ya siku 90 ndipo mnafungua, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa. Mswahili wa Likoni atatuambia, nadhani kwao ukiishtaki serikali muda ni mfupi zaidi.

#20 Mswahili wa Likoni

Naam, kwetu kuishtaki serikali kwa madhara ni miezi kumi na miwili tu. Wengi humaliza matanga na kuangaliana, wakishtuka mwaka umekwisha.

#21 Sista Mkongwe

Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, na nimefunga simu mara mbili kabla ya kuamua kuandika. Ngosha mwanangu, pole. Mimi ni nesi mstaafu. Nimelinda usiku miaka 34.

Hiyo karatasi naijua. Niliwahi kuijaza.

Ngoja niwaeleze usiku ulivyo. Wodi ya upasuaji wanawake, wagonjwa 38, wengine chini kwenye magodoro. Manesi wawili kwenye ratiba, mmoja amesindikiza rufaa, umebaki wewe. Mashine ya presha moja, betri inakufa. Saa tatu zamu ya sindano, mpaka umalize ni saa tano. Dripu zinaisha kwa wakati mmoja. Mzee wa thieta anapiga simu uje uchukue mgonjwa. Yule wa kona anatapika damu. Karatasi za waliopasuliwa mchana ziko tano, kila moja inataka ujaze kila baada ya saa mbili, na ukweli ni kwamba wa usiku wa kwanza alitakiwa apimwe mara nyingi kuliko hapo.

Saa kumi na moja alfajiri msimamizi wa wodi anakaribia kuingia. Akikuta kisanduku kitupu, unaandikiwa barua. Akikuta kina namba, anapita. Miaka 34 sijawahi kumwona mtu anaulizwa kwa nini namba zote zinafanana. Kwa hiyo unakaa mezani, unachukua kipimo cha mwisho ulichopima kweli, unakirudia mpaka chini.

Siandiki haya kumtetea dada huyo. Mama yako alimwambia bega na kiu. Hayo maneno mawili yangetosha kumtoa kwenye meza hata kama kuna wagonjwa mia. Hapo ndipo alipokosea, na ningemwambia usoni. Lakini mkimfukuza yeye, kesho usiku kisanduku kitajazwa na mwingine.

#22 Ngosha wa Sengerema

Shikamoo mama. Asante kwa kuwa mkweli. Sijui nijisikieje, lakini asante.

#23 Chumvi Nyingi

Shikamoo sista. Kwa heshima zote, kuandika namba ya mtu ambaye hukumgusa ni uongo, na uongo huo umefunika kifo. Kama hakupima aache wazi. Kisanduku kitupu kingemshtua daktari wa asubuhi, angalau tungejua.

#24 Sista Mkongwe

Marahaba. Umesema kweli yote. Ndicho ninachokijutia.

#25 Nyota ya Leeds

Niko Uingereza, nesi wa wodi ya upasuaji. Huku tunatumia jedwali la alama, lilianza 2012 na likaboreshwa 2017. Kila kipimo kina alama: kupumua, oksijeni, joto, presha, mapigo, ufahamu. Unajumlisha. Zikifika tano lazima umwite daktari haraka, zikifika saba ni dharura. Uzuri wake ni kwamba nesi mdogo hahitaji ujasiri wa kumwamsha daktari mkubwa. Namba ndiyo inayomwamsha. Nilipokuwa nyumbani kumpigia daktari saa nane usiku ilikuwa mtihani, unaulizwa "umeniamshia hilo?", mara ya pili hupigi.

Na msidhani huku ni peponi. Hospitali ya Stafford, kati ya 2005 na 2009, wagonjwa waliachwa bila maji wala kuoshwa, ripoti ya uchunguzi wa umma ikatoka 2013. Mwaka 2014 ikawekwa sheria kwamba jambo likiharibika hospitali inawajibika kukuambia ukweli na kukuomba radhi, hata kama hujauliza. Ngosha, kuna mtu yeyote amewaita mkakaa mkaelezwa?

#26 Ngosha wa Sengerema

Nyota, hapana. Tuliitwa ofisi ya malipo.

#27 Mzee wa Kahama

Vijana, mnazungumza kisomi lakini kuna mambo mengine. Mtu ametoka thieta mzima, usiku anakufa ghafla. Uliza ndani ya ukoo nani hakufurahia huyo binti kutibiwa.

#28 Binti Ruvuma

Shikamoo mzee. Tafadhali usimpelekee huyu kaka ugomvi wa ukoo juu ya msiba. Chupa mbili za damu zilikuwa kwenye friji.

#29 Kisima Kirefu

Kuna utafiti mkubwa wa Afrika uliotoka 2018, nchi 25, hospitali 247, zaidi ya wagonjwa 11,000. Mmoja kati ya watano alikufa baada ya upasuaji. Mmoja kati ya watano! Hatuzungumzii nesi mmoja hapa.

#30 Daktari wa Zamu

Utafiti ndiyo, namba siyo. Mmoja kati ya watano, asilimia 18.2, walipata madhara baada ya upasuaji, na mengi yalikuwa maambukizi. Waliokufa ni asilimia 2.1. Ila msipumue bado: wagonjwa wetu kwa wastani hali zao hazikuwa mbaya kabla ya kupasuliwa, na bado vifo ni mara mbili ya wastani wa dunia. Na kati ya waliokufa, asilimia 94 hawakufa siku ya upasuaji. Walikufa baada ya siku ile. Wodini.

Ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 ilijaribiwa hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara kwetu hapa, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Jambo kubwa. Lakini ina vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Baada ya mlango ule haina kituo.

#31 Mkwaju

Basi jibu liko wazi, waangaliwe zaidi. Wawekwe karibu na meza ya manesi, ndugu aruhusiwe kulala pembeni, wapimwe mara nyingi.

#32 Daktari wa Zamu

Mkwaju, hata mimi niliamini hivyo. Wale wale watafiti walijaribu hayo hayo uliyoyataja kwa wagonjwa walio hatarini zaidi, pamoja na ndugu kukaa wodini: nchi 28, hospitali 332, karibu wagonjwa 29,000, matokeo yakatoka 2021. Vifo havikupungua.

#33 Mkwaju

Kwa nini sasa?

#34 Daktari wa Zamu

Hapo kila mtu ana lake. Mimi nadhani kumwona mgonjwa anaharibika hakumsaidii kama baada ya kumwona hakuna wa kumrudisha thieta saa nane usiku. Mtoa dawa ya usingizi yuko nyumbani, gari la kumfuata halina mafuta, maabara imefungwa. Unamwona anakufa kwa usahihi zaidi.

#35 Sista Mkongwe

Daktari, kwa huyu binti thieta ilikuwepo na damu ilikuwepo. Ndugu angekuwepo pembeni, angepiga kelele. Nimeona ndugu wakiokoa watu kwa kelele.

#36 Fundi Saa

Na mimi nimeona ndugu wakiua. Wodi tuliyolazwa na mzee wangu, jirani yake alipasuliwa utumbo, ndugu wakampa ugali na dagaa kwa siri siku ya pili, "atapataje nguvu?" Alirudishwa thieta. Usiku ndugu hawatolewi kwa roho mbaya tu.

#37 Mswahili wa Likoni

Fundi Saa, lakini huyo angeelezwa asile mpaka lini, nduguze wasingempa. Shangazi yangu alipasuliwa uzazi, akaja nyumbani tumbo laumwa miezi saba. Kila akirudi apewa dawa za minyoo na vidonda vya tumbo. Hospitali nyengine walipomfungua wakakuta kitambaa cha kufutia damu. Kitambaa! Vyatakiwa vihesabiwe kabla ya kushona. Karatasi yake ilikuwa imeandikwa "hesabu sahihi".

#38 Chumvi Nyingi

Hesabu sahihi, mapigo 84. Karatasi zetu zina afya njema kuliko sisi.

#39 Wakili wa Mtaa

Mswahili, kesi ya shangazi ni nyepesi kuliko ya Ngosha. Kitambaa tumboni jambo linajieleza lenyewe, mahakama inauliza kiliingiaje na mzigo unawaelemea wao. Kifo cha usiku bila shahidi ni kigumu. Ngosha, una shahidi mmoja tu: mama wa kitanda cha pili. Na picha. Hiyo picha ihifadhi mahali pawili, na usiitume kwenye makundi. Kisha ombeni nakala ya faili kwa barua, iwe na muhuri wa kupokelewa. Kaburi linaweza kufukuliwa kwa amri ya mahakama, lakini hilo ni la familia kuamua na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo linavyosema machache.

#40 Kisima Kirefu

Na mpasuaji? Tumemsahau. Alipasua saa saba mchana, saa tisa na nusu ametoka. Nani alimwona jioni? Mgonjwa wako wa siku ya kwanza unampitia kabla hujaenda nyumbani, au kabla hujaenda kwenye hospitali yako ya pili ya jioni. Daktari wa Zamu, hapa umekuwa mpole.

#41 Daktari wa Zamu

Umenishika. Ndiyo, alitakiwa ampitie, au amkabidhi kwa daktari wa usiku kwa jina. Mimi mwenyewe siku zote sijafanya hivyo. Kuna siku nimetoka saa kumi na mbili nimechoka mpaka sioni mlango, nikasema wodi wataniita. Waliniita mara zote. Sasa najiuliza mara ambazo hawakuniita.

#42 Binti Ruvuma

Ngosha, umepotea siku tatu. Mmefikia wapi?

#43 Ngosha wa Sengerema

Nipo. Barua ya faili tumepeleka, muhuri tumegongewa, tumeambiwa faili linatafutwa.

Jana nilikwenda kwa yule mama wa kitanda cha pili, ameruhusiwa, anakaa mbali kidogo. Alitupokea vizuri. Akasimulia mbele ya mama yangu. Anasema mdogo wangu aliita "sista" mara tatu, mara ya tatu ikawa kwa sauti ndogo, kisha akaanza kukoroma na yeye akafikiri amelala. Hakuweza kuinuka kumwangalia kwa sababu na yeye alikuwa amepasuliwa siku mbili kabla. Mama alimshika mkono, akamwambia hana lawama naye.

Kukoroma huko, Daktari, nimekutumia swali kwenye ujumbe binafsi. Sijui kama kunamaanisha damu au sindano.

Nikamwomba aandike. Akakaa kimya muda mrefu. Yeye utumbo wake umetolewa pembeni, anajisaidia kwenye mfuko. Amepangiwa kurudi baada ya miezi mitatu kurudishiwa, hospitali ile ile, wodi ile ile, na kwa uwezo wake hana pengine pa kwenda. Akaniuliza: "Nikishaandika, usiku ule mimi nitamwita nani?"

#44 Daktari wa Zamu

Nimeiona. Mtu anayekoroma hivyo inaweza kuwa ile ya pili, sindano. Inaweza pia kuwa ya kwanza, damu, ikifika mwisho wake. Samahani kaka, siwezi kukupa zaidi ya hapo.

#45 Wakili wa Mtaa

Aandike sasa wakati anakumbuka, tarehe na sahihi, karatasi ikae kwenu. Isipelekwe popote mpaka atoke wodini. Muda mnao, ni miaka mitatu.

#46 Sista Mkongwe

Ngosha, siku akilazwa niambie. Ruhusa ya mtu mmoja kulala na mgonjwa huombwa kwa msimamizi wa wodi mapema, kabla ya siku ya kisu. Nitakueleza ya kuombea. Na kama ndugu zake hawatoshi zamu, mimi nitakuja nikae.